Mashine Imezeeka Ama ni Diski? Soma Hii Kabla Hujakopa Doo za Laptopu Mpya

Unawasha kompyuta, unaenda kuinjika chai, unarudi na kikombe, na kale kaduara bado kanazunguka. Unafungua Chrome, mashine inanguruma kama matatu iliyobeba abiria kupita kiasi. Mwishowe unajiambia: hii kitu imezeeka, wacha nikope kwa simu ninunue nyingine.

Tulia kidogo, mse. Huenda unataka kujitwika deni la miezi kadhaa kwa sababu ya kipuri kimoja tu.

Kompyuta nyingi tulizo nazo nyumbani ni mitumba: zile HP, Dell na Lenovo zilizofanya kazi kwa maofisi ng'ambo, zikaletwa huku, ukauziwa pale Luthuli ama Moi Avenue. Mara nyingi prosesa yake bado iko na nguvu. Kinachoivuta nyuma ni hadi diski, yaani kisahani kinachozunguka mara 5,400 ama 7,200 kwa dakika huku kasindano kakihangaika kutafuta faili zako, kama kondakta anayetafuta chenji mfukoni.

SSD haina kitu kinachozunguka. Data inakaa ndani ya chipu, kama kwenye simu yako. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka inaweza kuwaka kwa nusu dakika ama chini ya hapo.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni diski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha angalia kilipoandikwa Disk. Kama kimekwama kwa asilimia 100 na prosesa imetulia, umempata mshukiwa. Lakini kama RAM ndiyo imejaa, na uko na gigabaiti 4 pekee, utahitaji kuongeza RAM pia. Usibebeshe SSD lawama zisizo zake.

Mashine yako inakula SSD gani?

Hapa ndipo wengi huchomeka. Wananunua ya bei, wanafika nyumbani, haiingii. Kuna aina tatu utakazoonyeshwa dukani.

Ya kwanza ni SATA ya inchi 2.5. Inafanana na hadi diski ya laptopu na inachukua mahali pake bila vita. Kwa kompyuta ya mezani inatumia waya zile zile. Kasi yake inafika megabaiti 550 hivi kwa sekunde, ilhali hadi diski nyingi za nyumbani zinacheza kati ya 100 na 150 ama zaidi kidogo.

Ya pili ni M.2 ya SATA. Ni kabamba kembamba kama kipande cha chingamu. Kasi ni ile ile ya SATA, umbo tu ndilo limebadilika.

Ya tatu ni M.2 ya NVMe. Umbo ni kama hilo la pili, lakini hii inapita barabara nyingine inayoitwa PCIe. Ya kizazi cha tatu inafika megabaiti 3,500 hivi kwa sekunde, na ya kizazi cha nne inafika 7,000.

Sasa sikia vizuri: M.2 ni jina la umbo, si la kasi. Kuna mashine zenye tundu la M.2 linalokubali SATA pekee, zingine NVMe pekee, na zingine zote mbili. Tafuta modeli kamili ya mashine yako mtandaoni usome inakubali nini. Angalia pia nambari ya urefu. 2280 inamaanisha upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Ukinunua hiyo na nafasi yako ni ya 2242, haitatoshea.

Kama mashine yako ni ya zamani, tuseme Core i5 ya kizazi cha tatu, usijisumbue na NVMe. Nyingi za rika hiyo haziwezi hata kuwaka kutoka kwayo. Chukua SATA ya inchi 2.5 ulale salama. Na usidhani umebaki nyuma: kwa kazi za kawaida kama intaneti, ripoti na sinema, mruko mkubwa unausikia ukitoka kwa hadi diski kwenda SSD yoyote. Tofauti ya SATA na NVMe utaihisi zaidi ukihariri video ama ukihamisha mafaili mazito.

Saizi na uimara

Gigabaiti 120 zitakubana haraka. Kwa matumizi ya nyumbani, 240 ama 256 zinatosha, hasa ukiacha ile hadi diski ya zamani ndani ya kompyuta ya mezani iwe stoo ya sinema na picha. Kama wewe ni wa gemu ama video, anza na 500, kwa sababu gemu moja kubwa inaweza kumeza gigabaiti 100 peke yake.

Usishtuke Windows ikikuonyesha 238 na ulinunua 256. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Kwa hesabu hiyo, 500 itasoma 465.

Kuhusu uimara, tafuta herufi TBW kwenye tovuti ya mtengenezaji. Zinasema ni terabaiti ngapi unaweza kuandika ndani ya diski kabla waranti haijaisha. Kingston A400 ya 240 imeandikiwa 80 kwa waranti ya miaka mitatu. Samsung 870 EVO ya 500 imeandikiwa 300 kwa miaka mitano. Piga hesabu: hiyo ya Kingston ni kama gigabaiti 73 kila siku, kwa miaka mitatu mfululizo. Wewe wa kuandika CV na kutazama mpira hutafika huko. Mhariri wa video anaweza, kwa hivyo yeye aongeze pesa.

Utaona pia TLC na QLC. TLC inaweka biti tatu katika kila seli, QLC inaweka nne. QLC huwa nafuu, lakini huchoka mapema na hupunguza kasi ukinakili kitu kikubwa kwa muda mrefu. Bei zikikaribiana, chukua TLC.

Chunga terabaiti za uongo

Kuna jirani yangu wa ploti anayepiga na kuhariri video za harusi. Aliletewa SSD ya nje ya "terabaiti 2" kwa bei ambayo hata viatu vizuri vya mtumba hununui. Akaichomeka, kompyuta ikasoma terabaiti 2 kweli. Akahamishia harusi ya mteja humo, akafuta ilikotoka ili apate nafasi. Alipokuja kuifungua, nusu ya faili hazikuwa zinacheza. Bibi harusi hawezi kuambiwa arudi kanisani mkapige upya. Mteja alitaka pesa zake, na jirani alizirudisha kidogo kidogo.

Ujanja ni huu: ndani kuna chipu ndogo, pengine gigabaiti 64, iliyofundishwa kudanganya kompyuta kuhusu saizi yake. Ukipitisha kiwango cha kweli, inaandika juu ya ulichoweka mwanzo ama inatupa tu. Jina la faili linabaki, ndani hakuna kitu.

Kinga ipo na ni ya bure. H2testw kwa Windows, ama F3 kwa Linux, inajaza diski yote kisha inaisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Inachukua muda, lakini ifanye kabla hujaweka kitu chochote cha maana. CrystalDiskInfo nayo inakuonyesha diski imewaka kwa saa ngapi. Ukiuziwa "mpya" na inasoma saa 9,000, hiyo ni mtumba iliyooshwa uso. Omba ipimwe ukiwa pale pale kaunta, na uchukue risiti yenye nambari ya diski. Muuzaji akikataa, vuka barabara. Maduka ni mengi.

Diski ya zamani usimwachie fundi

Clonezilla ni programu ya bure inayonakili diski nzima kwenda nyingine. Ukipenda kuanza upya, weka Windows upya. Kwa kawaida leseni yake imefungamana na bodi kuu, kwa hivyo kubadilisha diski hakuiondoi.

Ile diski iliyotolewa rudi nayo nyumbani. Ndani kuna skani ya kitambulisho chako, PIN ya KRA, picha za familia na nywila ulizohifadhi. Itakufaa pia kama bekapu, kwa sababu SSD inaweza kufa bila kukuonya, haigugumii kwanza kama hadi diski. Na ukifuta kitu ndani ya SSD, kukirudisha ni vigumu mno.

SSD haiponyi kila kitu, lakini. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. SSD haitabadilisha hilo. Kama mashine yako iko chini ya hapo, jaribu Linux Mint, haina malipo.

Kwa hivyo ukienda tao Jumamosi, beba vitu vitatu: modeli ya mashine yako imeandikwa kwa simu, aina na urefu wa SSD inayokubali, na subira ya kungoja ipimwe. Ukishabadilisha na mashine bado inakutesa, hapo sasa anza kuweka akiba ya nyingine. Akiba, si mkopo.