Embe Halimsubiri Mchoraji

Mwishoni mwa miaka ya 1590, Caravaggio wa Italia alichora kikapu cha matunda, na ndani yake akaliacha tufaha lenye tundu la mdudu pamoja na majani yanayonyauka. Picha hiyo, iliyoko Pinacoteca Ambrosiana mjini Milan, haina mtu wala tukio. Ni matunda matupu, na hadi leo watu hufunga safari kwenda kuyatazama.

Karne tatu baadaye Mfaransa Paul Cézanne aliyarudia matufaha miaka nenda, miaka rudi. Alichora taratibu mno, na rangi ya mafuta aliyoitumia huchukua siku nyingi, hata wiki, kukauka. Tunda halina subira hiyo, sembuse katika joto la pwani yetu, ambako embe dodo lililoiva leo huota madoa meusi kabla juma halijaisha.

Hapo ndipo akriliki inapomfaa mchoraji wetu. Rangi hii iliingia sokoni Marekani katikati ya miaka ya 1950. Ni unga wa rangi uliochanganywa na chembe za plastiki ndani ya maji. Maji yakikauka, chembe hizo hushikana na kuwa utando usioyeyuka tena kwa maji. Tabaka jembamba hukauka kwa dakika chache, la pili likapakwa juu yake, na picha ikakamilika tunda likiwa bado linanukia.

Lakini kasi hiyo ina masharti. Feni ikivuma, rangi hukauka kwenye paleti kabla ya kufika kwenye turubai, hivyo hunyunyiziwa maji. Ikikauka hukolea kidogo, kwa hiyo papai huanzwa kwa rangi nyepesi. Na kivuli cha embe kikitiwa nyeusi, njano hugeuka kijani kichafu. Tone la zambarau hufaa zaidi.

Picha nyingi zinazouzwa kwa watalii ni za simba, twiga na machweo. Ni kazi halali, nayo inalisha familia. Hata hivyo nanasi, fenesi na shokishoki tunavishika kwa mikono yetu kila msimu, navyo vinastahili turubai. Walimu wa sanaa, wekeni matunda mezani karibu na dirisha, si picha ya simu. Mwanafunzi atakayejua kuonyesha uzito wa embe na upande linakopigwa na mwanga ameshajifunza kutazama, na bila kutazama hakuna atakachoweza kuchora vyema, hata huyo simba.