Nyumba Chakavu na Mfuko wa Familia Changa

Katika jiji la Dar es Salaam, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, familia nyingi changa hufika mahali pa kujiuliza kama fedha hizo zisingefanya kazi bora zaidi kwa kununua nyumba ya zamani, iliyochakaa lakini iliyo karibu na shule na kituo cha daladala, na ambayo bei yake iko chini ya ile ya nyumba mpya ya mtaa huohuo. Jibu hutegemea zaidi yaliyofichika ndani ya kuta na ndani ya nyaraka kuliko bei anayoitaja dalali.

Kwa wasio na akiba ya kutosha, njia iliyopo ni mkopo wa nyumba, yaani mkopo wa muda mrefu ambao dhamana yake ni nyumba yenyewe. Mikopo ya namna hii ilipata nguvu nchini Tanzania baada ya sheria maalumu ya mwaka 2008, lakini riba yake ingali nzito. Familia ikikopa shilingi 60,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio, na kulipa kwa miaka 20, rejesho la kila mwezi litakuwa takriban shilingi 790,000, na hadi deni liishe itakuwa imelipa karibu milioni 190. Muda ukipunguzwa kuwa miaka 15, rejesho hupanda hadi takriban 840,000, ilhali jumla hushuka hadi milioni 151 hivi. Kwa maneno mengine, nyongeza ya shilingi 50,000 kwa mwezi huokoa zaidi ya milioni 38. Hesabu hii yafaa ifanywe na mume na mke wakiwa pamoja, kabla ya yeyote kutia saini.

Ubovu nao si wa aina moja. Rangi iliyofifia, vigae vilivyovunjika na milango iliyolegea hutisha macho lakini havili fedha nyingi, na mara nyingi ndivyo vinavyompa mnunuzi nguvu ya kupunguza bei. Hatari iko kwenye mifupa ya nyumba. Katika ukanda wa pwani, zege lililochanganywa na mchanga wenye chumvi huozesha nondo, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, nondo hutanuka na kulipasua zege kutoka ndani, hata vipande vikaanza kumeguka kwenye lenta, ambayo ni mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kupiga lipu mpya juu ya ufa wa namna hiyo ni kuuficha tu. Vivyo hivyo, lipu inayobambuka sehemu ya chini ya ukuta, pembeni mwa madoa meupe ya chumvi, huashiria unyevu unaopanda kutoka ardhini. Juu nako, fundi anayeaminika apaswa kupanda darini kuzigonga mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba mabati, kwa sababu mchwa huweza kuula ubao kwa ndani ukabaki ganda lisiloonyesha dosari.

Nyaraka zinadai uangalifu uleule. Nyumba nyingi za zamani huuzwa na warithi, na katika hali hiyo mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala mjomba mwenye funguo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka pia ridhaa ya mwenzi pale nyumba ya familia inapouzwa. Mnunuzi ahakiki hati katika ofisi ya ardhi, aulize kama kiwanja kimeingia katika hifadhi ya barabara, na aangalie deni la kodi ya pango la ardhi. Kodi ya ongezeko la mtaji, inayotozwa kwenye faida ya mauzo, ni mzigo wa muuzaji, kwa hiyo mkataba uoneshe wazi kwamba ndiye atakayeibeba.

Ukarabati wenyewe waweza kwenda kwa awamu: kwanza paa, kisha nyaya za umeme na mfumo wa majitaka, na urembo mwishoni kabisa, huku familia ikiishi katika vyumba viwili na kuokoa kodi ya pango. Utaratibu huo unahitaji akiba ya dharura, kwani ukuta ukibomolewa hufichua kazi ambayo hakuna aliyeikadiria.

Kwa mkopo uliotajwa wa miaka 20, familia inayotaka rejesho lisizidi theluthi ya mapato inahitaji kipato cha takriban shilingi 2,400,000 kwa mwezi, mbali na fedha za matengenezo. Iliyo chini ya hapo itafute nyumba ndogo zaidi, au iongeze akiba kwanza, na nyumba yenye lenta zilizopasuka au mirathi isiyokamilika iiache hata kama bei yake inavutia.