Kumchagulia Mzee Safari ya Bahari

Familia inapomkatia mzee tiketi ya boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, aghalabu huuliza nauli na saa ya kuondoka. Yapo maswali mawili mazito zaidi.

La kwanza ni choo: je, hufikiwa bila kupanda ngazi? Wapo wazee wenye maradhi ya moyo ambao huacha dawa ya kuongeza mkojo siku ya safari, kwa kuona haya kuinuka mara kwa mara. Moyo ukiwa dhaifu, mzee aweza kufika akihema. Dawa isiachwe; mwulizeni daktari kama saa ya kuimeza yaweza kusogezwa.

La pili ni msimu. Kusi inapovuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Baadhi ya vidonge vya kuzuia kichefuchefu, kama promethazini, vyaweza kumvuruga mzee akili, kumtia kizunguzungu akaanguka, au kumzuilia mkojo mwenye tezi dume iliyovimba. Asipewe bila ushauri.

Ikiwezekana, ngojeni bahari itulie, mchague chombo kikubwa, naye aketi katikati, sitaha ya chini. Dawa zake zikae mkobani mwake, si katika mizigo.