Amiloidi na Kuta za Mishipa ya Ubongo

Mwaka 2009 iliasisiwa mjini Riyadh Jumuiya ya Saudia ya Maradhi ya Alzheimer, na jamaa wengi waliodhani kuwa mzee kusahau majina ya wanawe ni ada ya umri tu wakapata mahali pa kuuliza. Jawabu wanalopewa watu aghalabu huhusu chembe za fahamu, kwani ndizo alizozitazama Alois Alzheimer, tabibu wa Kijerumani, alipoyaeleza maradhi haya mwaka 1906. Lakini George Glenner na Caine Wong, walipofaulu mwaka 1984 huko San Diego, Marekani, kuitenga na kuichambua protini ya amiloidi, irundikanayo katika ubongo wa wagonjwa wa maradhi haya, waliitoa katika mishipa ya damu ya utando uufunikao ubongo; na dalili hiyo, kwa maoni yangu, haikupewa haki yake kwa muda mrefu.

Protini hiyo huzalika katika ubongo wa kila mtu, mwenye afya na mgonjwa, na sehemu yake kubwa hutolewa kwa njia ya mishipa ya damu. Uzee ukiidhoofisha njia hiyo, amiloidi hurundikana, na ile ya asidi amino 40 hupenda zaidi kukaa ukutani mwa mishipa. Hapo huziathiri seli zilizoutandika mshipa kwa ndani, ambazo kazi yao ni kuchagua kiingiacho ubongoni na kutoa nitriki oksidi iulegezayo mshipa damu ipite: mitokondria zake huzalisha sumu za oksijeni, maungio yake hulegea, na hatimaye seli zenyewe hufa, hata vitu vya damu visivyostahili kuingia vikapenya. Wataalamu wa London walionyesha mwaka 2019 kwamba amiloidi huzifanya pia perisaiti, seli zilizoikumbatia mishipa iliyo myembamba kabisa, ziibane. Na ubongo, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili ilhali hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yake, hauwezi kustahimili dhiki hiyo siku nyingi.

Katika mishipa mikubwa kidogo madhara huwa ya namna nyingine. Jumba la Al-Murabba mjini Riyadh, alilolijenga Mfalme Abdulaziz wa Saudia katika miaka ya 1930, lina kuta za matofali ya udongo, na ukuta wa namna hiyo ukiingiwa na chumvi hubaki umesimama huku udongo wake ukimomonyoka ndani kwa ndani. Vivyo hivyo amiloidi hushika mahali pa seli za misuli ya mshipa, umbo likabaki na nguvu ikaondoka, mpaka siku mshipa upasuke na damu imwagike ubongoni. Kisukari na shinikizo la damu, maradhi yaliyoenea mno Saudia na hata kwetu pwani, huzidhuru seli hizo hizo za mishipa, na mtu mwenye yote mawili hukabiliwa na hatari maradufu.

Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huiondoa amiloidi ubongoni. Lakini ikiondolewa katika ukuta uliokwisha dhoofika, mshipa huweza kuvuja, ubongo ukavimba au ukatokwa na damu. Kwa hiyo madaktari hutanguliza picha ya MRI, na mgonjwa aonekanaye na alama zaidi ya 4 za damu iliyovuja zamani kwa kawaida hapewi dawa hiyo, ingawa huenda yeye ndiye ambaye amiloidi imemtesa zaidi.