VITA YA KIBANDANI: MIELEKA YA WAWILI WAWILI MJINI TUPELO

Wengi wetu tumekwisha kuiona mieleka ya Marekani katika televisheni, na kila ikionyeshwa ubishi huzuka bwenini. Upande mmoja husema ni uongo mtupu, na upande wa pili huapa ya kuwa wameona damu kwa macho yao. Napenda kueleza habari za pigano moja la mwaka 1979, maana mtu akilitazama vizuri ataona kwamba kila upande una sehemu ya haki.

Kwanza tuifahamu desturi yenyewe. Katika mieleka ya wawili wawili, kila upande una watu wawili. Mmoja hupigana ulingoni, na mwenzake husimama nje ya kamba akingoja kuguswa mkono. Akiguswa huingia, na yule aliyechoka hutoka. Mshindi hupatanwa kabla ya mchezo, kama vile katika mchezo wa kuigiza kila mmoja ajuavyo nani atakuwa mfalme na nani atauawa.

Siku zile Marekani ilikuwa na maeneo mengi ya mieleka, na kila eneo lilikuwa na mtayarishaji wake. Eneo la Memphis, katika jimbo la Tennessee, lilikuwa chini ya Jerry Jarrett. Jumamosi asubuhi wanamieleka walionekana bure katika televisheni, na Jumatatu usiku watu walilipa kiingilio katika ukumbi mkubwa wa Memphis uitwao Mid-South Coliseum. Siku nyingine walizunguka miji midogo. Basi fedha zilitoka mlangoni, na televisheni ilikuwa mpiga mbiu tu. Lakini watazamaji walikuwa wale wale, na wanamieleka wale wale, wiki hata wiki. Mtu aliyekwisha kuona mshindi Jumatatu hii, arudi Jumatatu ijayo kwa sababu gani?

Jibu moja lilionekana tarehe 15 Juni 1979 katika mji mdogo wa Tupelo, jimbo la Mississippi, kiasi cha maili 100 kutoka Memphis. Mji huo wajulikana zaidi kwa kuwa ndipo alipozaliwa mwimbaji Elvis Presley. Usiku ule Jerry Lawler, aliyeitwa Mfalme, na Bill Dundee, mzaliwa wa Scotland, walipigana na vijana wawili wenye nywele za rangi ya dhahabu, Wayne Farris na Larry Latham. Vijana hao walikuwa na msimamizi wao, Danny Davis. Mchezo ulikwisha, na vijana wakautwaa ubingwa.

Kwa kawaida hapo watu huenda zao nyumbani. Lakini usiku ule wapiganaji hawakuachana. Walitoka ulingoni wakipigana, wakapita katikati ya ukumbi, wakaingia katika kibanda cha kuuzia vyakula. Humo walipigana kwa vyombo na kila kilichowafikia mkononi, haradali ikamwagika, na sakafu ikawa utelezi mtupu. Mtangazaji Lance Russell, mtu mpole aliyeheshimiwa sana, aliyaeleza mambo hayo kwa sauti ya mtu asiyeamini macho yake. Picha zake zilionyeshwa katika televisheni ya Memphis, na mpaka leo wapenzi wa mieleka wanazitafuta.

Kwa nini kibandani? Kila mtu ajua kwamba ulingo umetengenezwa kwa mchezo: una kamba, una mwamuzi, una kengele. Lakini kibanda ni mahali pa kununua soda. Pigano likifika huko, hata yule mbishi aliyekuwa akicheka husita na kujiuliza, "Au leo wamekasirika kweli?" Shaka hiyo ndogo ndiyo iliyouzwa mlangoni. Tena pigano lenyewe halikupata mwamuzi wa kulimaliza, likabaki kama deni, na watazamaji walitaka kuona likilipwa.

Hasira hiyo ilikuwa ya kuigiza. Farris na Lawler ni binamu. Lakini sakafu ngumu haijui kuigiza, wala sufuria. Mtu aweza kukubali kuanguka, na bado mbavu zikamwuma.

Kadhalika jambo hili lilizaa mengine. Mwaka 1981, mjini humo humo Tupelo, Ricky Morton na Eddie Gilbert walipigana kibandani na Wajapani wawili, Masa Fuchi na Atsushi Onita. Onita aliporudi kwao hakusahau. Mwaka 1989 alianzisha kampuni yake ya mieleka iliyojulikana kwa mapigano ya seng'enge na milipuko. Hapo twaona ubaya wake pia: mtazamaji aliyezoea haradali leo, kesho atataka damu, na mwili wa mwanamieleka ndio utakaolipa.

Je, ni udanganyifu? Zamani wanamieleka walificha siri hii hata kwa rafiki zao. Lakini mwaka huo huo wa 1989, kampuni iliyoitwa World Wrestling Federation iliwaambia watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yao ni burudani, ili isisimamiwe kama michezo ya mashindano. Siri ilitoka, na watu hawakuacha kuja. Kwa maoni yangu, mtu anayejua kwamba ni mchezo na bado analipa hakudanganywa. Aliyedanganywa ni mtoto anayemrusha mwenzake juu ya saruji akidhani hakuna maumivu. Wale wa Tupelo walijifunza miaka mingi namna ya kuanguka, sisi hatukujifunza. Ndugu zangu wa vidato vya chini, tubishane bwenini kadiri tupendavyo, lakini magodoro na wadogo zetu tuwaache salama.