Fadhila Isiyo na Kipimo

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Gatumba, na kuvuka mpaka kuelekea Kavimvira na Uvira, ni barabara ya watu wanaodaiana. Mama mmoja amemwachia mwenzake beseni la ndagala alfajiri, naye atalipwa jua likitua. Kijana amembebea mzee gunia bila kudai ujira, kwa kuwa mzee huyo aliwahi kumpa malazi usiku mvua ilipomzuia kurejea kwao. Ndivyo ilivyo pia Mugina kwa waelekeao Manyovu, na Kobero kwa waelekeao Kabanga. Mahali ambapo watu wa ukoo mmoja hubeba vitambulisho vya nchi mbili, fadhila ndiyo benki ya wasio na benki. Anayetaka kuzungumzia hatari ya fadhila hana budi kuanza kwa kulikiri hilo, la sivyo atakuwa anawatukana watu wema.

Hata hivyo, yapo makosa ya jinai ambayo hayakuanza kwa tamaa wala kwa vitisho. Yalianza kwa wema. Mtu alibeba mzigo asioujua, alitia saini karatasi asiyoisoma, au alinyamaza alipopaswa kusema, na akiulizwa sababu hujibu kwamba aliyemwomba alikuwa amemsaidia siku nyingi. Jibu hilo huwachekesha wengine. Sisi halituchekeshi, kwa maana lina ukweli ndani yake.

Tutumie mfano wa kubuni, ambao huenda wengi wakautambua. Mama muuza vitenge amezuiliwa bidhaa zake kwa kupungukiwa fedha za ushuru. Mwanamume asiyemfahamu sana, mwenye sauti ya upole, anatoa faranga 60,000 na mambo yanakwisha. Wiki ya pili mama anamletea fedha zake, zimefungwa katika pindo la kitenge. "Wacha, mama," anaambiwa, "wanunulie watoto madaftari. Mimi nawe tumekuwa ndugu. Siku moja nawe utanifaa." Miezi inapita. Mtoto anaugua, na yule bwana anatuma dawa. Kisha anakuja na kifurushi kidogo kilichofungwa vizuri, akiomba kivushwe katikati ya vitenge, kwa kuwa "wewe askari wanakufahamu, hawakupekui." Moyo wa mama unamwambia kwamba jambo hili si la heri. Lakini atamwambiaje hapana mtu aliyemtafutia mtoto wake dawa?

Siri yote imo katika hatua ya pili ya kisa hiki. Kutoa fedha kulikuwa jambo la kawaida; mtego ulitegwa pale bwana yule alipokataa kurudishiwa. Laiti angezipokea faranga zake, mama angerudi kuwa mtu asiyedaiwa, nao wangesalimiana njiani kama watu wawili walio sawa. Deni linalojulikana kiasi chake hulipika. Deni lililokataliwa kulipwa halina tena kiasi, na lisilo na kiasi hulipwa kwa kitu atakachokitaja mwenye kudai, siku atakayoitaja yeye. Tena halitadaiwa kwa sarafu ileile. Aliyetoa faranga hataki faranga. Anataka kile ambacho faranga hazikiuzi waziwazi, yaani jina jema la mama huyu mbele ya askari wa kizuizini.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi za dunia zawadi ambayo kwa nje huonekana ya hiari hubeba wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea, na wajibu wa kurudisha. Asiyerudisha hushuka hadhi. Mwaka 1971 Mmarekani Dennis Regan alifanya jaribio dogo lenye kushangaza. Mtu mmoja aliwaletea wenzake soda bila ya kuombwa, kisha baadaye akawaomba wanunue tiketi za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua tiketi nyingi zaidi, takriban mara mbili ya wasiopewa, ingawa tiketi moja ilikuwa na bei kubwa kuliko soda yenyewe. Wengine hawakumpenda hata kidogo mtu yule, na bado walinunua. Hawakuwa na sababu ya kumfurahisha. Walitaka kuutua mzigo wa kudaiwa.

Warundi hawakungoja wataalamu hao. Lugha ya Kirundi ina neno *kwitura*, maana yake kurudisha fadhila, na wafugaji hulijua vizuri: aliyepewa ng'ombe humrudishia mtoaji ndama, watu wakiona, na pombe ikinyweka. Hilo ni jambo jema, lenye mwanzo na mwisho. Lakini palikuwapo pia *ubugabire*, mfumo wa kale ambamo mwenye mifugo alimkabidhi mwenzake ng'ombe, naye mpokeaji akapata maziwa, mbolea na kinga ya mkubwa. Kwa upande wake alidaiwa utumishi, pombe, heshima na kumfuata shebuja wake, na uhusiano huo uliweza kurithiwa na watoto. Ng'ombe huenda alikwisha kufa zamani, ilhali shukrani yake ingali inadaiwa. Rwanda ilikuwa na mfumo wa aina hiyo, *ubuhake*, ambao Mfalme Mutara III Rudahigwa aliufuta mwaka 1954. Huku kwetu *ubugererwa*, uliomfunga mtu kwa aliyempa ardhi ya kulima, ulifutwa kwa sheria mwaka 1977. Sheria hizo hazikukataza kumpa mtu ng'ombe wala shamba. Zilikata kamba iliyokuwa imefungwa upande wa pili wa zawadi.

Wazee wa *bashingantahe* nao walijua ugumu huu. Katika mashauri yao palikuwa na pombe iliyoitwa *agatutu k'abagabo*, kiburudisho cha watu waliokaa kutwa nzima wakisikiliza ugomvi wa wengine. Kiburudisho kinachonyweka na wote, mbele ya pande zote mbili, ni adabu. Kikitolewa na upande mmoja, na kikizidi kadiri ya utajiri wa mtoaji, fimbo ya *intahe* haiwezi tena kugonga ardhi kwa haki. Pombe ni ileile. Tofauti ni nani ameitoa, kwa kiasi gani, na nani ameshuhudia.

Hapa imetupasa kujitazama wenyewe, sisi tuvaao sare. Mfanyabiashara anayemletea askari wa kizuizini chai na maandazi kila asubuhi, mwezi mzima, bila kuomba chochote, huonekana mkarimu, na huenda ni mkarimu kweli. Lakini siku gari lake litakapofika likiwa na shehena isiyo na karatasi, askari huyo atakuwa na kazi mbili: kulipekua gari, na kuisahau chai. Kazi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Sheria Na. 1/12 ya tarehe 18 Aprili 2006 kuhusu kuzuia na kuadhibu rushwa humshika anayetoa na anayepokea, lakini sheria huja nyuma ya tendo, ilhali chai huja mbele yake. Ni heri askari anywe chai aliyoinunua mwenyewe, japo imepoa.

Kuna na upande mwingine wa jambo hilohilo, ambao pengine ni mbaya zaidi kwa sababu hauachi alama. Mwananchi ana karatasi zake zote, zimekamilika. Amesubiri zamu yake. Mhuri unapogongwa, anaambiwa kwa tabasamu, "Nimekusaidia leo, usinisahau." Hakusaidiwa, alipewa haki yake. Aliyeigeuza haki kuwa fadhila amemwibia mwananchi mara mbili, kwanza kwa kujivika sifa ya kitu kisicho chake, kisha kwa kumtwisha deni lisilokuwapo. Msomaji akitendewa hivyo, na ashukuru kwa adabu kama anavyomshukuru mtu yeyote aliyemhudumia, akijua moyoni kwamba hadaiwi kitu.

Mahali ambapo shukrani imewaumiza watu wetu zaidi ni katika safari za mbali. Katika miaka ya karibuni wasichana na wanawake wa Burundi wamepelekwa Oman, Kuwait na Saudi Arabia kwa ahadi ya kazi za nyumbani, na si wote waliokuta walichoahidiwa. Mlango wa kuingilia mara nyingi ni msamaria: rafiki wa shangazi, jirani wa zamani, mtu aliyekwisha kumfaa baba. Anajitolea kulipia pasipoti, picha, usafiri mpaka ng'ambo ya mpaka, hata nguo za safari. "Msijali, mtanilipa akianza kazi." Kiasi hakitajwi. Familia inaona haya kuuliza, kwa maana kumhoji mfadhili ni utovu wa adabu. Na haya hiyo ndiyo anayoitegemea. Msichana akifika, ataambiwa anadaiwa, na kila mwezi deni halipungui.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1956 kuhusu utumwa na desturi zinazofanana nao umelieleza jambo hili bila kificho. Mtu aliyeweka kazi yake kuwa rehani ya deni huwa katika hali inayofanana na utumwa iwapo thamani ya kazi hiyo haipunguzi deni kwa haki, au iwapo muda na aina ya kazi havikuwekewa mpaka. Kwa maneno mengine, ubaya haumo katika kudaiwa. Umo katika kukosa kipimo. Burundi ina sheria yake dhidi ya biashara haramu ya binadamu, Na. 1/28 ya tarehe 29 Oktoba 2014. Nayo Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inasema kwamba pale udanganyifu au kutumia unyonge wa mtu kulipotangulia, ridhaa ya mhasiriwa haimwokoi mtendaji. Mzazi aliyeitikia ndiyo kwa sababu ya shukrani asidhani kwamba amekwisha kufunga mlango wa kulalamika.

Wengi hushindwa kujitoa kwa kuogopa neno moja. Mfadhili akikataliwa ombi lake, hulalamika mbele ya watu kwamba fadhila ya punda ni mateke, na hakuna apendaye kuitwa punda mtaani kwake, iwe Buyenzi au Gatumba. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wasio na shukrani. Haikutungwa ili mtu aliyepewa dawa ya mtoto alazimike kuvusha bangi, risasi au binti wa jirani. Inafaa kumjibu kwa utulivu: "Ulichonipa nakikumbuka, nami nitakirudisha kama kilivyokuwa. Hiki unachoniomba si changu." Jina lako mbele ya askari unaweza kudhani ni lako, lakini hujalijenga peke yako, limejengwa na wenzako wote wanaovuka bila kupekuliwa kwa sababu wewe na wao mmeaminika.

Fedha ulizokopeshwa zirudishwe mapema, mbele ya mtu wa tatu. Zikikataliwa, mweleze nyumbakumi au mzee wa ukoo, siku hiyohiyo, kwamba ulizipeleka na kiasi kilikuwa hiki. Shahidi mmoja anatosha kuliwekea deni mpaka. Na aliyekwisha kuombwa jambo asilolielewa asingoje mpaka kifurushi kiwe mkononi. Anayekuja kueleza kabla ya mzigo kuvuka husikilizwa kwa namna moja, na anayekutwa nao kwa namna nyingine kabisa. Hatutamdanganya msomaji kwamba ni jambo jepesi. Mwenye kumfunga mtu kwa wema aghalabu anajua anakoishi, na anajua watoto wake wanasoma shule gani. Ndiyo maana ni vyema kusema mapema, wakati kamba ingali nyembamba.

Wala hatusemi kwamba watu wafunge milango. Familia nyingi za mipakani zimewahi kulaza wakimbizi sebuleni, na nyingine zimewahi kulazwa. Vikundi vya akiba vya akina mama, vile ambavyo wengi huku huviita *nawe nuze*, vinaonyesha jinsi msaada unavyoweza kutembea pasipo kumpa mtu mmoja enzi juu ya mwenzake. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo huwa kwa watu watatu tofauti. Mkopo hutajwa kwa sauti, riba hutajwa, tarehe ya kurudisha hutajwa, na kila aliyekaa katika duara husikia. Anayelipa huhesabiwa fedha zake mbele ya wote, jina lake hufutwa katika daftari, naye hurudi kuketi mahali pake, kando ya mwenzake aliyekopa wiki iliyopita na yule atakayekopa wiki ijayo.