Mradi Ukiletwa Kwenu, Daini Ripoti

Mwekezaji akija, watu huitwa barazani, wanaambiwa mazuri tu, halafu wanaandikisha majina. Kesho ile orodha inaonyeshwa ati wananchi wamekubali. Ndugu wasomaji, kesi ya Lamu ilionyesha kwamba hiyo haitoshi.

Mwaka 2016 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilitoa leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, megawati 1,050. Wenyeji walihofia samaki, mikoko na afya zao, wakakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni hiyo. Sababu moja kubwa: mikutano ilifanywa mapema mno, kabla madhara ya mradi hayajachunguzwa. Sasa mtu atatoa maoni gani juu ya kitu asichokijua? Kanuni za 2003 zilitaka matangazo ya gazeti na redio, na mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika.

Basi msiishie kunung'unika sokoni. Ombeni ripoti ya uchunguzi, someni hasa mambo ya maji na ardhi, kisha pelekeni pingamizi kwa maandishi, na nakala yenu igongwe muhuri. Leseni ikishatolewa, siku za kukata rufaa ni 60 tu.